Huduma Jumuishi kwa Wazee na Lugha ya Kumchunguza Mzee

Mwanafunzi anayekusudia kuwahudumia wazee hubaini mapema kwamba elimu aliyopewa imegawanywa kwa viungo: moyo kwa huyu, macho kwa yule, mifupa kwa mwingine. Mzee haji na kiungo kimoja. Huja na presha, sukari, magoti, usingizi uliopotea na wajukuu anaowalea, vyote kwa siku moja. Dhana ya huduma jumuishi ilizuka ili kuliziba pengo hilo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu huduma hiyo, na mwaka 2019 likatoa kitabu cha kuutekeleza katika ngazi ya msingi. Kinachotazamwa humo kwanza ni uwezo uliosalia, kabla ya jina la ugonjwa: kumbukumbu, mwendo, lishe, kuona, kusikia na hali ya nafsi.

Vipimo vya awali havihitaji maabara. Mzee huinuka kitini mara tano bila kujishikiza kwa mikono, na hutarajiwa kumaliza ndani ya sekunde 14. Huulizwa kama amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia, na kama amepoteza hamu ya kula. Hutajiwa maneno matatu, na baada ya muda hutakiwa kuyarudia. Kwa wepesi huo, hata mhudumu wa afya ngazi ya jamii aweza kufunzwa kuvifanya nyumbani kwa mzee.

Hata hivyo, wepesi huo unategemea lugha, na hapo ndipo mafunzo yetu yanapopwaya. Nchini Tanzania udaktari na uuguzi hufundishwa kwa Kiingereza katika vyuo vikuu, ilhali mgonjwa huhojiwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi huachiwa kutafsiri papo hapo, mbele ya mgonjwa. Tuchukue maneno matatu yaliyotolewa kama mfano katika kitabu hicho, ambayo kwa Kiswahili ni ua, mlango na mchele. "Ua" ni la mtini, tena ni wigo wa nyumba, tena ni amri ya kutoa roho. "Mchele" nao una ndugu zake: shambani ni mpunga, sahanini ni wali. Mzee aliyetajiwa mchele akajibu wali, amesahau au amekumbuka? Asiyelifikiria swali hilo kabla atampa alama ya kukosa.

Swali la tarehe lina mtego mkubwa zaidi. Mzee wa mwambao akiulizwa siku ya Alhamisi, baada ya magharibi, leo ni siku gani, huenda akajibu "usiku wa Ijumaa", kwa kuwa katika hesabu yake siku huanza jua linapotua. Huyo hajapotewa na wakati. Akiandikiwa kuwa amechanganyikiwa, cheti hicho kitamfuata, na wanawe wataanza kuamua mambo yake bila kumuuliza.

Kuhusu nafsi, istilahi ya "sonona" imekwisha kukubalika katika maandishi, lakini mwandishi hajawahi kumsikia mzee akijilalamikia kwa neno hilo. Husema ana mawazo mengi, moyo mzito, au mwili hauna nguvu. Aidha, swali la hali yake likifuata shikamoo moja kwa moja, jibu huwa ni la adabu: namshukuru Mungu. Jibu la kweli huja baadaye, mkwe akishatoka chumbani. Kwa sababu hiyo si sahihi kumhoji mzee kuhusu mkojo, njaa au kutelekezwa mbele ya anayempikia.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, na mwanafunzi wa leo mara nyingi ana umri wa mjukuu wake. Inapendekezwa kwamba dodoso la Kiswahili lijaribiwe kwanza kwa wazee wenye afya njema wa eneo husika, maneno yenye utata yaondolewe, na mwanafunzi apimwe pia kwa namna anavyouliza. Muda wa kazi hiyo upatikane ndani ya mtaala wenyewe. Ukiachwa kuwa wa hiari, utaliwa na mitihani.