Bomba Haliponi kwa Kukazwa

Bomba la bafuni likianza kudondosha, dawa ya kwanza ya kila nyumba ni kulikaza. Matone hukoma, watu wakalala. Wiki ya pili hukazwa zaidi, na miezi haipiti mingi kabla watoto hawajashindwa kulifunga. Kukaza huko hakuliponyi bomba, ndiko kunakolimaliza.

Bomba la kuzungusha, ambalo kiwanda cha Guest and Chrimes cha Rotherham, Uingereza, kilipata hataza yake mwaka 1845, ni skrubu yenye kipande cha mpira mwishoni, yaani washa. Skrubu ikishuka, washa hukalia ukingo wa shaba na kuziba tundu la maji. Kipini kipana kikizunguka mara moja, vidole husafiri sentimita kadhaa ilhali skrubu hushuka milimita chache tu, kwa hiyo hata msuguano ukila sehemu yake, washa hubanwa kwa nguvu iliyo mara kadhaa ya ile ya mkono. Mpira uliobanwa hivyo kila siku, hasa upande wa maji ya moto, husahau umbo lake. Ukiutoa utaukuta mgumu, una alama ya duara kama unga uliogandamizwa kwa mdomo wa glasi. Hapo maji hupata upenyo, na yakibeba mchanga huchimba shaba yenyewe: mchanga una ugumu wa takriban 7 katika kipimo cha Mohs, shaba hukaribia 3 tu.

Wapo watakaosema tone ni tone tu. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Ukihesabu matone 20 kwa mililita, ni zaidi ya lita 4, na kwa mwaka zaidi ya lita 1,500, yaani simtanki la lita 1,000 na nusu ya jingine. Tena matone ya bomba kwa kawaida ni makubwa kuliko hayo. Wengine watasema afadhali kununua bomba jipya. Kwa la sinki, sawa. Lakini la shawa lililofukiwa ukutani hudai kuvunja vigae, kwa sababu ya kipande cha mpira kinachouzwa kwa bei ya peremende chache. Funga koki kuu, fungua bomba maji yaishe, ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa vipande vidogo visije vikatumbukia, kisha legeza nati kwa spana. Washa ya zamani nenda nayo dukani, maana saizi zinadanganya macho. Kabla ya kurudisha, pitisha ncha ya kidole kwenye ukingo wa shaba. Ikikwaruza, washa mpya haitadumu mpaka ukingo usagwe au ubadilishwe.

Pingamizi zito zaidi ni la mabomba ya wenzo mmoja, yasiyo na washa. Mengi yana visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, vyenye ugumu wa takriban 9, na hapo nguvu haina kazi kabisa: wenzo ukifika mwisho umefika. Bomba la namna hiyo likivuja, hutolewa kiini chote chenye visahani hivyo, kikawekwa kingine cha aina ileile. Na shawa ikidondosha muda mfupi baada ya kufungwa, usikimbilie spana. Maji hunasa kwenye vitundu vyake kwa mvutano wa uso wake, kisha huachia taratibu. Tega bakuli, likiendelea kujaa baada ya saa nzima, ndipo ufunge koki kuu.