Uingereza: sheria ya mbweha iko na miaka zaidi ya 20, lakini wanaoichunga hawalali

Kila tarehe 26 Desemba, kesho yake ya Noeli, mu miji midogo mingi ya Uingereza watu wanajaa ku barabara kwa kuangalia farasi. Wapanda farasi wamevaa koti nyekundu, imbwa makumi wanazunguka chini yao, mutu anapuliza pembe, na mbele ya baa watu wanapeana kikombe kidogo ya kupasha mwili moto. Ukipita pale bila kujua, utafikiri ni fete tu. Lakini mara nyingi pembeni kuko watu wengine, na mabango na kamera. Hao hawakuja kwa fete. Wamekuja kuchunga sheria.

Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2004 na ilianza kazi tarehe 18 Februari 2005 mu England na Wales. Inakataza kuwinda mbweha (renard) na wanyama wengine wa pori kwa kundi la imbwa. Scotland ilikuwa imetangulia, mwaka 2002. Ubelgiji ilikataza uwindaji wa namna hiyo mwaka 1995. Ufaransa, yenyewe, ingali inaruhusu chasse à courre.

Juu ya nini mbweha?

Musomaji anaweza kuuliza: inchi nzima inagombana juu ya munyama mudogo mwenye kuiba kuku? Jibu liko mu historia. Mwaka 1835 bunge la London lilikataza kupiganisha jogoo na kuchokozesha ngombe dume kwa imbwa. Ile ilikuwa michezo ya watu wadogo. Muchezo wa wenye mashamba na farasi ulibaki miaka karibu 170 tena. Ndiyo maana watu wengi kule wanaona kwamba swali si mbweha tu. Swali ni kujua kama sheria ni moja kwa wote.

Kisha kuko mateso yenyewe. Imbwa wale wanazalishwa kwa kukimbia muda mrefu, si kwa kukamata mbio. Mbweha akichoka na kuingia mu shimo, watu wanatuma imbwa wadogo ndani na wanachimba na majembe. Mwaka 2000 tume iliyoongozwa na Lord Burns ilichunguza jambo hilo kwa ombi la serikali. Ilisema kufukuzwa na kuuawa na imbwa kunaharibu sana hali ya mbweha.

Tume hiyo haikuficha upande wa pili: ilihesabu kazi kati ya 6.000 na 8.000 zilizotegemea uwindaji. Wawindaji wanasema mbweha wanakula wana-kondoo, kwamba imbwa anaua haraka, na kwamba watu wa miji mikubwa hawajui maisha ya kijiji. Tarehe 22 Septemba 2002, watu zaidi ya 400.000 walitembea mu London kwa kutetea maisha ya mashambani, uwindaji mbele ya yote. Si watu wa kuzarau.

Kushinda ni siku moja, kuchunga ni kila siku

Hata kupitisha sheria kulikuwa vita. Wabunge wa chumba cha chini walikubali, ma-Lord wa chumba cha juu wakakatala, na tena wakakatala. Tarehe 18 Novemba 2004 chumba cha chini kilitumia nguvu yake ya kupitisha sheria bila wao. Tony Blair mwenyewe, aliyekuwa waziri wa kwanza, aliandika mu kitabu chake cha mwaka 2010 kwamba sheria ile anaijutia.

Basi tangu siku ile kazi ikageuka. Chama kama League Against Cruel Sports, kilichoanza mwaka 1924, kilikuwa kimeomba sheria miaka 80. Sasa kilipashwa kuzuia isifutwe.

Mwaka 2015 serikali ya David Cameron ilitaka kulegeza sheria, kusudi imbwa wengi waruhusiwe kufukuza mbweha mpaka mbele ya bunduki, pahali pa imbwa wawili tu. Watu walijipanga mbele ya bunge na mabango, na Brian May, mupiga gitaa wa Queen, kati yao. Mu chama cha Cameron chenyewe kulikuwa kikundi cha Blue Fox, wakonservateri wenye kukataa uwindaji huo. Wabunge wa Scotland, chama SNP, walipotangaza kwamba watapiga kura ya hapana, serikali ikaona hesabu haitoshi. Kura ikaondolewa hata kabla ya kupigwa.

Miaka mbili nyuma, Theresa May aliahidi tena kupeleka jambo hilo mbele ya wabunge. Uchaguzi wa Juni 2017 ulimunyanganya wingi wa viti, na mu Januari 2018 alisema kura hiyo haitakuwako.

Tundu mu ukuta

Lakini hatari kubwa haikutoka mu bunge, ilitoka mu mashamba. Vikundi vya uwindaji havikufunga milango. Walisema: sasa hatuwindi mbweha tena, tunafuata tu harufu. Mutu anatangulia na kitambaa chenye harufu ya munyama, imbwa wanafuata nyuma. Imbwa wakikutana na mbweha wa kweli? Wanasema ni aksida. Na mbele ya tribinali ni lazima kuonyesha kwamba mutu alitaka kuwinda. Hata akihukumiwa, analipa amande, hakuna kifungo.

Ndiyo maana wenye kutetea sheria wamekuwa watu wa kamera. Wanaamuka mapema, wanafuata imbwa mu matope, wanachukua picha. Kazi hiyo imezaa matunda. Mwaka 2020 kulitoka video za mikutano ya wawindaji wenyewe, na wakubwa wao wakizungumza juu ya ile harufu. Mumoja alihumukiwa mwaka 2021, kisha tribinali ya juu ikamuachilia mwaka 2022. Lakini video zilikuwa zimeonwa. Wamemba wa National Trust, shirika lenye mashamba makubwa sana, walipiga kura mu Oktoba 2021 ya kukataa wawindaji wa harufu ku udongo wao. Wales ilifuata ku mapori ya serikali. Scotland iliandika sheria mupya mwaka 2023, yenye kufunga tundu lile kabisa.

Kwa upande wa England na Wales, chama Labour kiliweka mu ahadi zake za uchaguzi wa 2024 kwamba kitakataza kufuata harufu. Kikashinda. Wawindaji nao wanajipanga: wanasema ni kuua vijiji.

Wale wa kamera wanajua sasa kwamba ahadi ni maneno, sawa vile sheria ni karatasi. Kwa miaka zaidi ya 20 sheria yao imebaki hai kwa sababu kila juma ya msimu kuko mutu aliyesimama mu baridi, anaangalia imbwa wanaelekea wapi.