Ramani ya Bure Ikikosea Njia ya Ruangwa: Kweli au Si Kweli?

OpenStreetMap ni ramani ya dunia nzima. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na wachoraji wake wengi ni watu wa kujitolea. Programu huria za simu kama Organic Maps na OsmAnd huchota barabara na majina humo. Dereva wa lori la korosho anayetoka Ruangwa kwenda bandari ya Mtwara, au shabiki anayekuja Uwanja wa Majaliwa kuitazama timu ya soka ya Namungo, huenda anaongozwa na kazi ya mtu asiyelipwa hata shilingi. Tangu mwaka 2013 yeyote anayekuta kosa anaweza kubandika dokezo pale pale kwenye ramani, na mchoraji mwingine akalishughulikia. Bahati mbaya, imani nyingi kuhusu madokezo hayo zinatukosesha ramani nzuri.

“Simu imenipotosha, kwa hiyo programu ni mbovu.” Mara nyingi si kweli. Programu ikijifunga yenyewe, hilo ni la watengenezaji wake. Jina la kijiji likikosewa, hilo ni la ramani. Na kuna la tatu, ambalo wengi hulisahau: ramani uliyopakua ili uitumie bila bando inaweza kuwa ya zamani, na kosa unalolilalamikia lilishasahihishwa. Sasisha kwanza, kisha ripoti. Mtu wa kujitolea akitumia jioni yake kutafuta kosa ambalo halipo tena, jioni hiyo hairudi.

“Ukiandika ‘barabara mbovu’, wataelewa.” Si kweli, na hapa ndipo kazi nyingi inapopotea. Huku kwetu Ruangwa mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei. Anayesoma dokezo lako yuko Dar es Salaam au Ujerumani, na mbele yake kuna picha ya satelaiti iliyopigwa kiangazi: anaona njia nyeupe, kavu, inayopitika. Afanye nini na maneno mawili? Mwandikie hivi: leo, tarehe fulani, maji yamejaa kwenye kivuko hiki, pikipiki inapita, gari dogo halipiti, kiangazi njia hutumika kama kawaida. Sasa anaweza kuiandika kuwa njia ya msimu badala ya kuifuta. Kufuta ni hatari zaidi, kwa sababu kijiji kinachotegemea njia hiyo kitaonekana hakifikiki mwaka mzima, na mgeni anayepeleka huduma ataamini hivyo.

“Lazima uandike Kiingereza.” Si kweli kabisa. Andika Kiswahili kilicho wazi. Anayehitaji tafsiri atatafuta.

“Hakuna haja ya akaunti.” Nusu kweli. Dokezo lisilo na akaunti hupokelewa, lakini mchoraji akiuliza, “Ni daraja la juu au la chini?”, mwenye dokezo hapati taarifa kwamba ameulizwa. Swali linabaki linaning’inia. Fungua akaunti, ni bure.

“Dokezo likifungwa, umedharauliwa.” Si kweli. Chukua mfano wa mzee wa Nachingwea anayeandika kwamba reli ya Mtwara haionekani. Anasema kweli: mradi wa karanga wa Waingereza uliileta reli hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili, na ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha ikang’olewa. Lakini ramani hii huonyesha kilichopo ardhini leo, kwa hiyo dokezo litafungwa kwa maelezo. Mzee akijibu kwamba tuta lake bado linaonekana mahali fulani, dokezo linafunguliwa upya na tuta linachorwa. Ninamwomba kila anayefunga dokezo aandike sababu, hata sentensi moja. Kufunga kimya kimya kunamvunja moyo mtu ambaye angeweza kutusaidia miaka mingi.

“Google inaonyesha hivi, nakili tu.” Hapana. Data ya Google haina ruhusa hiyo, na kilichonakiliwa hulazimika kuondolewa. Toa ulichokiona kwa macho yako.

“Wachoraji ni wengi, kosa lolote litaonekana.” Imani hii ilienezwa na Eric Raymond, aliyeandika hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990 kuhusu makosa ya programu huria. Lakini hata huko haikutimia. Hitilafu ya Heartbleed iliingia katika toleo la Machi 2012 la OpenSSL, programu huria ya usalama wa mtandao, na dunia ikaijua Aprili 2014, ingawa msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu. Kwenye ramani ni hivyo hivyo. Mradi wa Crowd2Map Tanzania, ulioanza 2015, huwatumia watu wa nchi nyingi kuchora nyumba na njia za vijijini kwa kufuata picha za satelaiti. Wanafanya kazi kubwa. Hata hivyo, hakuna picha inayosema kitongoji kinaitwaje, wala zahanati ni jengo lipi kati ya matatu yenye bati jipya. Hilo analijua mkazi wa Mbekenyera au Mandawa.

“Nimeripoti, yangu yamekwisha.” Si kweli. Mvua zikikatika, pita tena pale. Daraja likiwa limetengenezwa, andika hivyo kwenye dokezo lako, weka tarehe, kisha ufunge dokezo hilo mwenyewe. Mwenye akaunti ana uwezo huo.