Springi Ngumu na Kona za Mchanga

Bila shaka umewahi kuliona gari lililoshushwa chini likipita katika barabara yetu kuu, bampa karibu lilambe lami, na dereva wake akipunguza mwendo kwenye kila tuta kana kwamba amebeba mayai. Sisi vijana tukiliona husema, "Hilo ndilo gari la mbio!" Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo mpaka mwaka jana. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini gari la namna hiyo, likiingizwa katika mzunguko wa udongo, huenda likaachwa na kigari cha kawaida kilichobambuka rangi. Nitaeleza pia jinsi springi na shokabsoba zinavyochaguliwa na kurekebishwa ili gari lishike kona. Mafundi wetu huziita shoki tu, nami nitaziita hivyo hivyo, kwa maana jina lenyewe ni refu na wino ni ghali.

Mashindano ninayoyasemea huitwa otokrosi. Hayafanani na Safari Rally, ile iliyoanza mwaka wa 1953 kwa ajili ya kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ambayo magari yake hukata nyika kwa siku kadhaa. Otokrosi huendeshwa katika uwanja mmoja wa udongo wenye kona nyingi, kama ule wa Jamhuri Park kule Nairobi, na dereva hushindana na saa. Hapa Kenya magari hugawanywa kwa madaraja, na hata watoto wana daraja lao. Mzunguko ni mfupi na kona zimefuatana, kwa hivyo injini kubwa haikusaidii sana. Atakayeshinda ni yule ambaye matairi yake yanabaki ardhini.

Sasa nije kwa kisa chenyewe. Mjomba wangu ana Toyota Starlet ya zamani, gari dogo lisilofika kilo 900 na ambalo huvutwa na magurudumu ya mbele. Siku za kazi hubeba kreti za samaki kutoka ufuoni hapa Malindi hadi Watamu, na mara nyingine hadi Kilifi. Ndoto yake ni kuingia otokrosi. Basi mwaka jana akapata springi nne ngumu na fupi, mitumba kutoka Japani, akazinunua kwa pesa ambazo alikuwa amemwahidi mamangu kuwa ni karo yangu ya muhula wa tatu. Mama alipojua alimwuliza swali moja tu: "Kaka, hizo springi ndizo zitakazomfanyia mtoto mtihani?" Mjomba akajibu, "Dadangu, nipe mwezi mmoja." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sare yangu, sijui nicheke au nilie.

Tulikwenda kulijaribu gari katika uwanja ulio upande wa Mambrui, kwenye ule mchanga mwekundu wa Magarini. Tulipanga madebe manane yawe kona, nami nikashika saa. Kabla ya kubadilisha springi, Mjomba alikuwa akizunguka kwa sekunde 48. Baada ya kuzibadilisha alitumia 51, tena gari likirukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Alirudia mara tano na hakufika hata 50. Hapo ndipo fundi wake, mzee ambaye gereji yake ni kivuli cha mwembe, alipotuketisha na kutufundisha. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwake, na mengine nimeyahakikisha kwa kitabu cha Fizikia.

Hebu mfikirie muuza kahawa anayepita mitaani jioni na dele lake mkononi. Akitembea amekaza magoti, kahawa itaruka ruka ndani kwa kila shimo. Kwa hivyo hulegeza magoti yakapokea mashimo, na kiwiliwili chake kikabaki kimetulia. Springi ni yale magoti. Lakini goti likilegea tu bila msuli wa kulizuia, mtu atayumba juu na chini mpaka aanguke, na msuli huo ndio shoki. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo. Springi inapotaka kuchezacheza, mafuta huipunguzia nguvu na kuigeuza kuwa joto. Ndiyo maana ukigusa shoki baada ya mwendo wa njia mbovu utakuta ina moto. Ikizidi moto mafuta hutoa povu, nayo huacha kufanya kazi, gari likaanza kuelea kama mtumbwi.

Basi kwa nini springi ngumu zilitupotezea sekunde tatu? Kwa sababu uwanja wa udongo una matuta na mashimo madogo madogo. Springi laini hukunjika ikifika kwenye tuta, kisha hunyooka ikalisukuma tairi liingie shimoni. Springi ngumu haikunjiki vya kutosha, kwa hivyo gari zima hurushwa, na tairi lililo hewani halina breki, halina usukani, wala halivuti. Kwenye lami iliyo laini kama meza, springi ngumu na fupi zina faida kubwa. Wenzetu wa ng'ambo wanaoshindania kwenye lami wanazitumia, na picha zao ndizo zinazotudanganya sisi wa mchangani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hulielewa vibaya. Gari likiingia kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani ya kona kwenda ya nje. Watu hudhani kwamba springi zikiwa ngumu na gari lisipolala, basi uzito hauhami. La hasha! Kiasi cha uzito unaohama hutegemea zaidi urefu wa gari kwenda juu, upana wake na ukali wa kona. Ugumu wa springi huamua tu ni wapi mzigo huo utachukuliwa zaidi, mbele au nyuma. Upande wenye springi ngumu zaidi, au wenye stabilaiza nene zaidi (kile chuma kinachounganisha gurudumu la kulia na la kushoto), huchukua sehemu kubwa ya mzigo, na matairi ya upande huo ndiyo yanayochoka na kuteleza kwanza.

Ukishalielewa hilo umeshika ufunguo. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina ugonjwa wake: ukikata usukani, pua hugoma na kwenda moja kwa moja. Ni kawaida, kwani matairi ya mbele yanafanya kazi mbili, kuvuta na kukata kona. Dawa yake ni kulegeza mbele kidogo, au kukaza nyuma kidogo, ili mkia usaidie kugeuza gari. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama zile Corolla za zamani, mkia wake huwa mwepesi kuteleza dereva akikanyaga mafuta, kwa hivyo dawa huwa kinyume. Sasa Mjomba alikuwa amekaza pande zote mbili sawasawa. Alinunua ugumu lakini ugonjwa ukabaki pale pale.

Niseme neno kuhusu wale wanaokata springi kwa msumeno ili gari lishuke. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiikata mmoja ikabaki mitano, ugumu wake huongezeka kwa asilimia 20. Hilo ni jambo la hesabu tu, na unaweza kulihesabu. Hatari ni kwamba imekuwa fupi, na gari likiruka inaweza kuchomoka mahali pake. Nao unene wa waya una nguvu kuliko tunavyodhani. Springi ya waya wa milimita 12, ikiwa imefanana kwa mengine yote na ya milimita 11, huwa ngumu zaidi kwa zaidi ya asilimia 40. Milimita moja tu! Kwa hivyo ukienda kununua, nenda na kipimo, usichague kwa rangi.

Lakini kabla ya kununua chochote, fundi alitulazimisha tuangalie vilivyopo. Tulilala chini ya gari tukakuta bushi mbili za mbele zimeliwa kabisa. Bushi ni ule mpira unaoshika mkono wa gurudumu, na ukiisha gurudumu huchezacheza lenyewe, hata ukifunga shoki ya dhahabu. Kisha akabonyeza kila pembe ya gari kwa nguvu na kuachilia. Pembe yenye shoki nzima hupanda mara moja ikatulia. Za nyuma zetu zilipanda na kushuka mara tatu. Shoki zilikuwa zimekufa zamani, nasi tunasingizia springi! Baada ya hapo alichukua uzi, akaufunga kandokando ya magurudumu na kupima kwa rula kama ya mbele yametazama sawa. Yalikuwa yameangaliana ndani, akayafungua kidogo sana kuelekea nje ili gari liwe jepesi kuingia kona. Kazi hiyo ya uzi haikutugharimu chochote ila soda ya fundi.

Jambo ambalo halihitaji pesa kabisa ni upepo wa matairi. Tairi nalo ni springi. Tulipopunguza upepo kidogo kwenye mchanga, gari lilishika vizuri zaidi, lakini ukipunguza mno tairi huweza kuchomoka kwenye rimu katika kona kali. Na usisahau kuujaza tena kabla ya kurudi barabarani.

Mwisho wa shauri ulikuwa huu. Springi za zamani zilirudi mbele. Zile ngumu za nyuma zilibaki, zikawekewa pete za mpira chini ili gari lisikae chini mno, kwa sababu nyuma ndiko kreti za samaki zinakokaa na ndiko tulikotaka ukali. Kwa hivyo ugumu ule ule uliwafaa samaki na ukaifaa kona. Zile mbili za mbele ziliuzwa kwa hasara, na pesa zake zikaongezwa kidogo zikanunua shoki mbili za nyuma zenye kirekebishio. Springi ngumu huhitaji shoki yenye nguvu ya kuizuia inaponyooka. Ila nayo ikizuia kupita kiasi, gurudumu haliwahi kushuka kabla ya tuta linalofuata, na gari huzidi kuzama tuta baada ya tuta. Tulikuwa tukibadilisha kitu kimoja tu kila mara, mizunguko mitatu, naandika daftarini, ndipo tunabadilisha kingine. Ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua ni lipi lililokusaidia. Siku ya mwisho saa ilisoma sekunde 46.

Hapo nilidhani tumemaliza, kumbe bado. Mwezi wa nne, mvua ikinyesha, Mjomba alikuwa akirudi kutoka Watamu gari likiwa tupu, nami nimeketi kando yake. Kwenye kona moja aliinua mguu kutoka kwenye mafuta, na mkia ukaja mbele wenyewe. Tulizunguka tukasimama kwenye majani, tukiangalia tulikotoka. Hakuna aliyeumia, lakini Mjomba hakusema neno mpaka nyumbani. Ule ukali wa nyuma uliotupa sekunde 46 mchangani, kwenye lami yenye maji bila mzigo wa samaki, ulikuwa mtego. Kesho yake alilegeza shoki za nyuma karibu hadi mwisho na kuyahamishia nyuma matairi mazuri. Sasa huzikaza uwanjani tu, na kabla ya kuondoka mimi ndiye ninayekagua kama amezilegeza.

Wanariadha wakubwa nao wamekumbana na hesabu hii. Katika Safari Rally ya mwaka wa 1993, Subaru ilileta vigari vidogo vya Vivio, injini yake ni cc 660 tu. Colin McRae alikimbia navyo kwa kasi ya kushangaza mpaka saspensheni ikavunjika akatoka. Mkenya Patrick Njiru, aliyekuwa na Vivio kama hiyo, aliipeleka kwa akili akafika mwisho. Fundi wetu humtaja Njiru kila Mjomba anapoomba springi nyingine.

Karo yangu ililipwa wiki ya pili ya muhula, baada ya mimi kukaa nyumbani siku sita, na hesabu za logi nilizozikosa bado zinanisumbua. Starlet haijashindana, kwani haiwezi kuruhusiwa uwanjani kabla ya kufungiwa fremu ya mabomba ya kumkinga dereva likipinduka, na pesa za mabomba hayo Mama ameshasema zitatoka baada ya karo ya mwaka mzima. Kwa sasa linabeba samaki.