Sheria za kukufuru: Nia ndiyo mpaka wa uhuru wa kusema

WENGI hudhani kwamba sheria za kuwaadhibu wanaokufuru zilichipuka moja kwa moja kutoka kwa vitabu vya dini. Hata hivyo, katika mataifa mengi yaliyotawaliwa na Mwingereza, chimbuko lake ni Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka wa 1860.

Walioiandaa walihofia ghasia baina ya waumini wa dini mbalimbali. Ndiposa katika kifungu cha 298 wakaweka sharti: mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe kwamba alikusudia kuumiza hisia za kidini za mwenzake.

Pakistan ilirithi kanuni hiyo ilipopata uhuru mnamo 1947. Mwaka wa 1986, wakati wa utawala wa Jenerali Zia-ul-Haq, kiliongezwa kifungu cha 295-C, kinachotoa adhabu ya kifo kwa anayemkashifu Mtume Muhammad. Kifungu hicho hakitaji nia.

Pengo hilo limewagharimu wengi. Mnamo 2009, Asia Bibi, kibarua Mkristo, alizozana na wanawake wenzake shambani kuhusu maji ya kunywa. Wakamshtaki kwamba amekufuru, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifo. Gavana wa Punjab, Salman Taseer, aliyemtetea, aliuawa na mlinzi wake Januari 2011. Waziri Shahbaz Bhatti, aliyeikosoa sheria hiyo, aliuawa Machi. Oktoba 2018 Mahakama ya Juu ilimwachilia Bibi, ikisema ushahidi dhidi yake ulijaa kasoro.

Suala hili linatuhusu pia Wakenya. Kifungu cha 138 cha Kanuni yetu ya Adhabu kinafanana mno na kile cha India: anayeandika au kutamka neno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini aweza kufungwa mwaka mmoja. Katiba ya 2010 nayo, katika Kipengele cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza, lakini hailindi uchochezi wa chuki.

Huko England na Wales kosa la kukufuru lilifutwa mwaka wa 2008.

Muumini ana haki ya kuheshimiwa, naye mwenye swali au shaka ana haki ya kusema. Sheria isiyouliza mshtakiwa alikusudia nini haiwezi kuwatenganisha anayehoji na anayetukana, na hapo hata ugomvi wa majirani waweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi.