Samaki wachache, thamani zaidi: jiko la mukeke katika mwambao wa Rumonge

Mukeke aliyetolewa ziwani alfajiri hupitia bei kadhaa kabla jua halijatua. Kuna bei ya ufukweni mtumbwi unapofika, bei ya mchuuzi anayembeba kwenye beseni na bei ya sokoni Rumonge. Ya mwisho ni bei ya sahani. Hapo amekwisha pasuliwa, amechomwa juu ya makaa, amemwagiwa vitunguu, ndimu na pilipili, na pembeni kuna ndizi za kuchoma au kipande cha ubuswage, ule muhogo uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Samaki ni yule yule, ila moto na mkono wa mpishi vimempandisha thamani.

Kwa muda mrefu hesabu za uchumi wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi, kuanzia Gatete na mji wa Rumonge hadi Nyanza-Lac, zimeanzia kwenye wavu: mitumbwi mingapi, taa ngapi, kilo ngapi. Jiko la kando ya barabara limechukuliwa kama riziki ndogo ya akina mama. Kwa ziwa tulilonalo leo, hesabu hiyo inapaswa kuanzia jikoni.

Dunia imekwisha kuona chakula cha mtaani kikipanda hadhi. London ina masoko ya mchana ambako wafanyakazi wa maofisini hupanga foleni mbele ya magari ya chakula, wakilipa bei inayokaribia ya mgahawa. Singapore mwaka 2016 vibanda viwili vya wapishi wa mitaani vilipata nyota ya Michelin, na mwaka 2020 utamaduni huo wa upishi ukaingizwa kwenye orodha ya UNESCO. Lakini nyota zilikuja mwishoni. Tangu miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 serikali ya Singapore iliwahamishia wachuuzi kwenye vituo vyenye maji ya bomba, mifereji na leseni. Karibu na kwetu, bustani ya Forodhani, Zanzibar, ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na wauza pweza na mishikaki wa jioni wakapata sehemu yenye mpangilio. Kote huko, ladha ilikuwepo tangu zamani. Kilichokosekana kilikuwa maji, taa na mahali pa kudumu.

Rumonge ladha ipo, na malighafi ni ya pekee. Mukeke, ambaye wanasayansi humwita Lates stappersii, hapatikani kiasili penginepo ila Ziwa Tanganyika. Ndivyo ilivyo pia kwa ndagala, dagaa wa ziwa hili. Huvuliwa usiku kwa taa: mitumbwi miwili huunganishwa kwa magogo, wavu ukateremshwa katikati, na samaki wakafuata mwanga. Vyombo vikubwa vya aina hiyo wavuvi wa Burundi huviita Apollo. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, mitumbwi hubaki nchi kavu na bei hupanda. Mpishi wa mukeke anaishi kwa kalenda hiyo hiyo ya mwezi.

Tatizo ni kwamba ziwa lenyewe limepungua nguvu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa joto linaloongezeka huzuia maji ya juu kuchanganyika na ya chini yenye virutubisho, chakula cha samaki kikapungua, na samaki nao wakapungua. Ongeza wingi wa wavuvi na nyavu za macho madogo. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwenye ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatana na makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki kwa pamoja: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Sehemu ya Burundi ni takribani asilimia 8 tu ya eneo la ziwa. Kutegemea kuongeza kilo ni kutegemea kisichokuwepo. Kinachoweza kuongezwa ni thamani ya kila samaki.

Na hapo ndipo pesa huvuja. Tuseme mpishi amenunua mukeke 10, na kila mmoja anamuuza kwa bei mara moja na nusu ya aliyonunulia. Wakiuzwa wote, anapata thamani ya samaki 15, na katika wale watano wa ziada hutoka gharama za makaa, chumvi, mafuta, ndizi na faida. Wakiharibika watatu kwa joto la mchana, atapata thamani ya samaki 10 na nusu. Makaa tu yanatosha kumtia hasarani. Ndiyo maana barafu ina uzito zaidi kuliko kiungo chochote jikoni. Asiye na barafu hulazimika kununua kidogo, kuuza haraka na kushusha bei jioni, saa ambayo wateja wenye uwezo ndipo wanapoanza kufika.

Kwa ndagala, dawa imekwisha jaribiwa. Zamani walianikwa mchangani, wakaliwa na kuku, wakalowa mvua. FAO ilisaidia kueneza vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na ndagala wakakauka haraka zaidi, safi, bila mchanga. Mnunuzi wa Bujumbura hulipa zaidi kwa ndagala asiye na mchanga. Mukeke wa kuchoma anahitaji mageuzi ya aina hiyo: meza ya kuoshea, sanduku la barafu na jiko linalookoa makaa.

Rumonge ina hazina ya pili, mawese. Hii ndiyo ardhi kuu ya michikichi nchini, na sehemu kubwa ya mafuta yake huondoka kwenye madumu kwenda Bujumbura, mengine yakiishia kwenye sabuni. Yanayobaki jikoni ndiyo yanayoyapa maharage, sombe (majani ya muhogo) na ndagala wa hapa rangi na harufu yake. Huko Matonge, mtaa wa Waafrika mjini Brussels, mawese na samaki wakavu wadogo huuzwa madukani kwa wahamiaji wanaotamani ladha ya nyumbani. Jina la mahali lilikotoka dumu aghalabu halionekani. Jina hilo lina bei, na mpishi wa Rumonge anaweza kuanza kulidai papa hapa, kwa kumwambia mteja samaki kavuliwa wapi na mafuta yamekamuliwa wapi.

Wateja watafikaje? Kutoka Bujumbura ni kilomita zipatazo 75 kwa barabara ya taifa namba 3, inayobanwa kati ya milima na maji na kuharibiwa mara kwa mara na maporomoko. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za kukarabati kipande cha Rumonge hadi Gitaza, kilomita 45, pamoja na barabara ya upande wa Tanzania inayopita Kasulu hadi Manyovu. Barabara nzuri huleta walaji wa mwisho wa wiki, lakini pia humwondoa samaki haraka zaidi kumpeleka mjini akiwa mbichi. Ni nani atafaidika inategemea Rumonge itakuwa na nini cha kumfanya msafiri asimame. Uhaba wa petroli wa miaka ya karibuni umefanya swali hili liwe zito zaidi: gari lililokosa mafuta halimleti mlaji wala halimpeleki samaki.

Umeme wa barafu nao si ndoto. Mitambo ya umeme wa maji ya Jiji na Mulembwe, yenye uwezo wa pamoja wa megawati 49.5, ni ya mito ya kusini hii hii ya Burundi. Sehemu ndogo mno ya nguvu hiyo ingetosha mashine ya barafu katika kila mwalo mkubwa.

Kinachohitajika kinajulikana: barafu mwaloni, bomba la maji na sakafu ya saruji penye majiko, taa za jioni, na ushuru unaolipwa mara moja kwa risiti, ili mpishi asitozwe na kila anayepita. Wapishi wenyewe wana la kufanya pia. Wakinunua barafu na makaa kwa pamoja, na wakikataa mukeke mchanga ambaye bado hajazaa, wanalinda mtaji wao wa mwakani.

Mwanamke anayepepea makaa kando ya barabara ya Rumonge ndiye mtu wa mwisho kumgusa samaki kabla mlaji hajalipa. Ana uwezo wa kumfanya mmoja awe na thamani ya wawili, katika ziwa ambalo haliwezi tena kutoa wawili kwa mmoja. Bajeti ya uvuvi ikianza kumhesabu yeye kama inavyohesabu mitumbwi, mwambao huu utakula vizuri hata katika miezi ambayo taa za wavuvi zimezimwa.