Neno Moja au Manne? Programu ya wc na Lugha Zetu

Katika masomo ya lugha, urefu wa kazi hupimwa kwa maneno. Muhtasari ukiwekewa kikomo cha maneno 250, iwe kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, inafaa tuulize kompyuta inaita nini "neno".

Programu sahili ya kuhesabu ni wc, iliyokuwemo katika toleo la kwanza la Unix mwaka 1971 na ambayo leo hupatikana kwenye Linux. Ukiandika wc na jina la faili, unapata namba tatu: mistari, maneno na baiti.

Programu hiyo haijui sarufi. Inahesabu alama za kumaliza mstari. Mstari wa mwisho usipokuwa na alama hiyo, hauingii hesabuni. Neno kwake ni chochote kilichotengwa kwa nafasi. Kwa hiyo "sitakusahau" ni neno 1, lakini "je ne t'oublierai pas" ni maneno 4. Hata ndani ya Kiswahili hesabu hubadilika: "ninasoma" ni 1, na "niko nasoma", tunavyosema hapa Kisangani, ni 2. Anayetunga programu yake mwenyewe asikate maneno penye kibainishi, la sivyo "ng'ombe" atakuwa wawili.

Lingala huleta fumbo la pili. Katika mfumo wa UTF-8, herufi ya kawaida ya Kilatini huchukua baiti 1, lakini ɛ na ɔ huchukua 2 kila moja. Neno "lɛlɔ" (leo) lina herufi 4 na baiti 6. Toni ikiandikwa kama alama ya pekee juu ya ɔ, baiti zinakuwa 8, na wc -m, inayohesabu alama badala ya baiti, inasema 5, ingawa jicho linaona herufi 4.

Kwa maoni yangu, kikomo kimoja cha maneno hakilingani kwa lugha mbili. Anayeandika Kiswahili hupewa nafasi ya kusema mengi kuliko mwenzake wa Kifaransa. Kuhesabu alama hupunguza pengo: katika mfano wetu ni 11 kwa 21, badala ya 1 kwa 4. Mfano mmoja hautoshi kuweka kanuni. Tuchukue matini zilizotafsiriwa, tuzipitishe kwenye wc, kisha walimu na wanafunzi tujadili kikomo tukiwa na namba mkononi.